Beki wa Kushoto wa Buni FC

Risala ya wachezaji, mashabiki na wazazi wa timu ya Buni FC ya Ihanda, kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Amani na Michezo, siku ya ufunguzi wa Bonanza la Amani, Tunduma. Imesomwa na katibu wa timu, Gwantwa Nzunda.

Mgeni rasmi, viongozi mlioketi chini ya turubai, wageni wetu mliovuka mpaka asubuhi hii, wazazi mlioketi juani: tunawasalimu nyote.

KARIBU TUNDUMA

Mgeni rasmi, tuna furaha kubwa kukupokea. Tulikutegemea saa tatu asubuhi nawe umefika saa nane mchana, kwa hiyo furaha yetu imepata muda wa kuiva. Ngoma ilichezwa ikaisha, ikachezwa tena. Wanafunzi wenye bendera walipangwa mstari, wakaruhusiwa kukaa, wakaruhusiwa kwenda kula, kisha ikabidi watafutwe. Hata hivyo hakuna aliyenung'unika karibu na kipaza sauti.

Tunaomba radhi kwa ufupi wa risala hii. Kama ilivyo desturi, tuliipeleka ofisini isomwe kwanza. Ilikwenda na kurasa sita ikarudi na mbili, na afisa aliyeipitia alisema sasa ina afya nzuri. Changamoto zetu zilikuwa nane. Sita alizitatua palepale kwa kalamu nyekundu. Tunampongeza kwa dhati, maana hakuna ofisi iliyowahi kututatulia changamoto sita kwa asubuhi moja.

Afisa huyo pia alitusaidia kwenye lugha. Mahali tulipoandika "vurugu" sasa pameandikwa "kile kipindi". Mahali tulipoandika "mabomu ya machozi" pameandikwa "moshi". Na mahali tulipoandika "tulikimbia ovyo" pameandikwa "tulitawanyika kwa utulivu". Wale mliokuwepo siku ile, tunawaomba mtuvumilie.

HISTORIA YA TIMU

Buni FC ilianzishwa na wachuma kahawa wa Ihanda, ambao jioni walikuwa bado na nguvu miguuni hata kama mikono ilikuwa imechoka. Uwanja wetu wa kwanza, ambao tunao mpaka leo, umelala upande. Ukiuweka mpira katikati unaondoka wenyewe. Goli la chini liko karibu na shamba la mzee Isaka, na chini ya shamba kuna bonde, na chini ya bonde kuna kijito. Mpira ukitoka upande ule, kwenda kuutafuta ni safari.

Kwa sababu hiyo, tangu mwanzo tuna sheria moja ambayo haimo katika vitabu vya mpira. Huku kwetu, anayeutoa mpira nje ndiye anayeufuata. Hatumtumi mtoto, hatuleti mpira mwingine, na mchezo hauendelei mpaka arudi nao. Hata mchungaji alipocheza nasi siku ya Pasaka aliubutua, akaenda bondeni na suruali yake nyeupe, akarudi nao kifuani. Tulimsubiri kwa heshima zote.

Sheria hii ndiyo iliyotufundisha kucheza pasi fupi. Watangazaji wa redio wamewahi kutusifu kwamba tuna falsafa ya kumiliki mpira. Ukweli ni kwamba hakuna anayetaka kupanda kile kilima.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, kwa pasi hizo hizo tulipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka tukaingia ligi ya taifa, timu ya kwanza kutoka kata yetu. Wakaguzi wa ligi walikuja Ihanda, wakauangalia uwanja wakiwa wameinamisha vichwa upande, wakatuambia tukacheze Tunduma. Basi tukahamia hapa, kwenye uwanja huu ulio sawa na wenye ukuta, kando ya barabara ya malori yanayosubiri kuvuka. Kaya za Ihanda zilichanga mahindi, tukapata nauli, na msimu ukaanza.

Hatutajisifu kupita kiasi. Tulikuwa wa pili kutoka chini. Lakini mwalimu wetu Anyelwisye alisema, "Wa pili kutoka chini wa taifa zima si mtu mdogo," na tukakubaliana naye. Tulihitaji kushinda mechi moja tu ya nyumbani ili tubaki.

Mafanikio mengine ni kwamba tangu kile kipindi hatujafungwa hata bao moja. Hii ni kwa sababu ligi ilifutwa. Tulitangaziwa kwamba hakuna kilichotokea, na kwamba kutokana na kilichotokea, msimu umekwisha. Bingwa alikabidhiwa kombe kwenye ukumbi wa hoteli, kukiwa na keki, na timu mbili za chini zikashushwa daraja kwa kufuata msimamo wa siku ile. Tunapongeza ubunifu huo. Imekuwa kawaida mshindi kupatikana uwanjani, na si vibaya kujaribu njia nyingine.

CHANGAMOTO

Kama tulivyosema, changamoto zimebaki mbili. Ya kwanza ni nyavu. Magoli yetu hayana nyavu, mpira ukiingia unapita, na mabishano huwa marefu. Hiyo inatosha.

Changamoto ya pili ni upungufu wa beki wa kushoto. Afisa aliisoma hii akasema, "Hili ni la kiufundi, lipite," na pembeni akaandika kwa mkono wake: fafanueni mbele ya mgeni rasmi. Sisi ni watu watiifu. Tunafafanua.

Beki wetu wa kushoto anaitwa Lusubilo. Ni kijana wa Ihanda, mtoto pekee wa mama Recho, yule aliyeketi pale mwisho wa benchi akiwa ameshika jezi namba tatu. Si mchezaji mwenye mbwembwe. Haongei na waamuzi, hapaki rangi nywele, na tangu tumjue hajawahi kupewa kadi. Kazi yake ni kumzuia winga asipite.

Siku ya mechi yetu ya mwisho tulikuwa tunaongoza kwa bao moja dhidi ya vinara wa ligi. Hatukuamini sisi wenyewe. Huko nje ya ukuta tulisikia kelele za watu barabarani, kile kipindi kikiwa kinaanza, lakini bao moja mbele ya vinara lina kelele zake, na hatukugeuka. Winga wao akapenya upande wa kushoto. Lusubilo akateleza, akaufikia mpira kabla yake, akaubutua. Ukapaa, ukavuka ukuta, ukaangukia barabarani kwenye foleni ya malori.

Mpira wa akiba ulikuwepo. Vijana waokota mipira walikuwepo pia, maana ligi ya taifa inalipia mambo hayo. Lakini mtu aliyekua na sheria ya Ihanda haoni vitu hivyo. Lusubilo alimnyooshea mkono mwamuzi Barnaba, mwamuzi Barnaba akaitikia kwa kichwa kumruhusu, naye akatoka mbio kupitia lango dogo. Sisi kwa mazoea tukasimama kumsubiri. Wachezaji wa timu pinzani walitushangaa, mmoja akauliza, "Hawa wana nini?"

Yaliyotokea nje tuliyapata kwa Rabson, dereva wa lori kutoka ng'ambo, ambaye alikuwa kwenye foleni. Mpira uliingia chini ya lori lake. Alimwona kijana mwenye jezi nyekundu na soksi ndefu akiingia chini ya tela, akatoka nao kwapani. Wakati huohuo watu wakaja wakitawanyika kwa utulivu kutoka upande wa mpaka, utulivu mkubwa kiasi kwamba wengi walipoteza viatu, na nyuma yao ukaja moshi, na nyuma ya moshi likaja gari. Kila aliyekuwa barabarani alipandishwa. Rabson alishuka kwenye lori kumtetea. Anasema aliwaambia, "Bakubwa, huyu ni mchezaji, tazameni miguu yake." Akajibiwa, "Wote leo ni wachezaji." Lusubilo alipandishwa na njumu zake, na shinigadi zake za kukinga miguu, na mpira.

Huku ndani tulisubiri mpaka moshi ukavuka ukuta, nasi tukatawanyika.

Mgeni rasmi, wiki mbili baadaye kamati ya nidhamu ya ligi ilituletea uamuzi. Mchezaji Lusubilo amepewa kadi ya njano kwa kutoka uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi, na kwa kuwa hakurudi, amefungiwa michezo mitatu. Tuliupokea kwa masikitiko, maana ni kadi yake ya kwanza. Tulitaka kukata rufaa lakini inatakiwa mchezaji aweke saini mwenyewe.

Mama Recho alikwenda kituoni. Mara ya kwanza aliambiwa mtoto wake yupo ila haruhusiwi kuonana na mtu. Mara ya pili aliambiwa hayupo, na kwamba hajawahi kuwepo, ila chakula anaweza kukiacha. Akaacha. Kesho yake bakuli lilirudi tupu. Basi miezi yote hii mama Recho amekuwa akitoka Ihanda na bakuli la kande kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, na bakuli linarudi limekombwa, na kwa bakuli hilo sisi tumekuwa tukijua kwamba yu hai. Alituambia, "Mwanangu hajawahi kubakiza kande tangu aote meno." Tukicheza mazoezi jioni, kila mmoja humwuliza anapopita: mama, bakuli? Naye hulionyesha.

Wiki hii bakuli limerudi na kande zake zote. Na siku iliyofuata vilevile.

Mgeni rasmi, sentensi hiyo haikuwemo ofisini kwa sababu wakati tunapeleka risala ilikuwa bado haijatokea. Hatuna maneno ya kuisemea vizuri. Tunaogopa. Mwalimu Anyelwisye amesimamisha mazoezi kwa sababu watu wanalia katikati ya kukimbia.

MAOMBI

Tulielekezwa kwamba maombi yawe machache na yatekelezeke. Tumezingatia. Hatuombi turudishwe ligi ya taifa. Hatuombi kombe, wala keki. Jezi ulizotuletea, zilizoandikwa AMANI mgongoni, tunazishukuru na tutazivaa. Tunaomba tu utufafanulie kwa nini zimekuja kumi na moja ilhali tumebaki kumi.

Tunaomba nyavu.

Na tunaomba beki wa kushoto. Hatutaki mwingine. Tunafahamu timu jirani zingeweza kutuazima, na ofisi ilipendekeza hivyo kwa nia njema. Lakini mechi yetu haijaisha. Mwamuzi Barnaba amekuja leo kwa pikipiki kutoka Mbangala, yule pale na filimbi yake shingoni. Tulimwuliza mbele ya mashahidi kama alipuliza filimbi ya mwisho. Alijibu, "Sijapuliza. Nilimruhusu mchezaji kutoka, namsubiri arudi." Kwa hiyo kwa upande wetu sisi bado tunaongoza kwa bao moja, mpira uko nje, na anayerusha ni wao. Tukishamaliza hapo, mtushushe daraja lolote mnalotaka.

Tunajua, mgeni rasmi, kwamba huna funguo za kituo. Lakini unakaa meza moja na wenye funguo, na mnakunywa maji ya chupa za aina moja. Hatukuombi umtetee. Muulize tu jirani yako wa kulia, kabla chai haijaletwa, kuhusu kijana mwenye soksi ndefu aliyepandishwa na mpira kwapani. Atamkumbuka. Hawakuwa wengi wenye shinigadi.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala hii utashuka uwanjani kupiga mpira wa ufunguzi. Mpira upo pale katikati. Ni mpya, mmeuleta ninyi. Wachezaji wetu kumi wamejipanga kila mmoja kwenye nafasi yake, na utaona kwamba upande wa kushoto nyuma hakuna mtu. Usishangae, wala msaidizi wako asikimbilie kumpanga mtu pale. Mahali hapo pana mwenyewe.

Tunakuomba uupige upande wowote upendao. Ukibaki ndani, tutaucheza na bonanza litaendelea. Lakini ukivuka ule ukuta, hakuna mtoto wa Tunduma wala Ihanda atakayetoka kuuchukua. Tutakufungulia lango dogo, tutasimama, nasi tutakusubiri kwa heshima zote kama tulivyomsubiri mchungaji. Sheria ni moja kwa kila mtu. Lusubilo aliifuata akatoka.

Yeye ametolewa nje, wala si sisi tuliomtoa. Tunaomba aliyemtoa amfuate.

Mungu akujalie safari njema, akufikishe nyumbani kwako salama, na mama yako, kama bado yupo, apokee bakuli tupu usiku wa leo.

Ni sisi,
wachezaji kumi, mashabiki na wazazi wa
BUNI FC, IHANDA