Modest Akonaay na Mkaratusi wa Endagikot

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlioko Mbulu mjini, mlioko Dongobesh sokoni, mlioko Katesh, na ninyi mnaochunga huko tambarare chini ya mlima Hanang na redio mmening'iniza shingoni, habari za mchana.

Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Jina lake Modest Akonaay. Alikuwa mkazi wa Endagikot. Alikuwa fundi wa chenso, ule msumeno wa mnyororo unaotumia petroli. Alifariki siku ya Jumanne, wiki tano zilizopita, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Ameacha mke, Philomena, na binti mmoja, Loveness.

Haya tutakayosema tumeyapata kwa Philomena mwenyewe. Alitupokea nyumbani, akatupa chai, akaongea taratibu bila kusita, kama mtu anayesoma karatasi. Alituomba jambo moja tu, kwamba tusipunguze kitu.

Basi hatutapunguza.

Modest alianza kazi ya mbao na msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni. Alipopata chenso alikuwa tayari ameshaona watu wakiumia. Labda ndiyo maana alikuwa mgumu. Kabla ya kuwasha, anaivuta cheni kwa vidole aone kama imelegea. Anajaribu breki. Anaongeza oili. Petroli haongezi injini ikiwa ya moto, hata umwambie una haraka ya namna gani. Na kila anapofika kwenye mti, mfuko wa vitu vyake anauweka mbali, pamoja na simu. Alisema simu na mti havikai pamoja.

Watu walimwita Afande. Siku moja aliitwa kukata miti kwa mkulima mmoja, akakuta vijana wa kuvuta kamba wameshakunywa pombe tangu asubuhi. Hakugombana na mtu. Alifunga chenso yake kwenye baiskeli, akaaga, akarudi nyumbani. Mkulima yule alikasirika mwezi mzima, halafu akamwita tena.

Wasikilizaji, kuna jambo ambalo wengi hawakulijua. Cheni za Afande zilinolewa na mke wake. Macho ya Modest yalianza kushindwa kuona vitu vya karibu. Alikuwa ananoa, lakini jino moja linakuwa refu, jingine fupi, na msumeno unakata kwa kuvuta upande. Philomena alimtazama siku mbili tatu, akamnyang'anya tupa, kile chuma cha kunolea. Kila jino mara tatu, ukisukuma kwenda mbele, hurudishi nyuma. Unamaliza meno ya upande mmoja, kisha unageuza, unamaliza ya upande wa pili. Tangu siku hiyo kazi hiyo ikawa yake. Miaka sita alinoa Philomena, Modest akakata.

Mnaikumbuka Desemba ya mwaka 2023, tope lilipoteremka kutoka mlima Hanang. Modest na Philomena walisikia habari hizo, wakapanda gari la kwanza walilolipata. Walibeba chenso moja, cheni mbili, tupa na dumu la petroli. Walifika Jorodom, chini ya mlima, mchana.

Walioneshwa nyumba moja. Gogo kubwa lilikuwa limesukumwa na maji likalala juu ya mlango wa chumba cha nyuma. Ndani kulikuwa na mama mmoja, Helena, tope limemfika kiunoni. Modest akaanza kukata. Lakini gogo lilikuwa limejaa mchanga, na mchanga unaua makali ya cheni kwa dakika chache. Badala ya unga wa mbao ukaanza kutoka moshi. Modest akazima. Akafungua cheni, akampa mkewe, akafunga ile ya pili. Nayo ikafa. Akazima tena.

Philomena alikuwa amekaa juu ya bati lililong'oka, cheni mapajani, ananoa. Watu walikuwa wanalia na kupiga kelele. Mwanamume mmoja alimsimamia kichwani akamuuliza kama ana moyo, mtu anakufa yeye ananoa. Ni Modest aliyejibu.

"Cheni butu nikiilazimisha itaruka," alisema. "Itanikata mimi au itamkata yeye. Tupe dakika tano."

Walisimama kunoa mara tatu. Mara ya nne gogo likakatika, wakalivuta, Helena akatolewa akiwa hai. Philomena anasema hakumwona vizuri siku hiyo. Alikuwa anatazama meno.

Helena alikuja kwenye msiba wa Modest. Alisafiri kutoka Katesh, na mguu wake mmoja hadi leo haukunjiki. Alisema maneno machache mbele ya waombolezaji: "Kule ndani nilikuwa nasikia chenso inazimika. Kila ikizimika nasema, sasa wameniacha. Kumbe walikuwa wananinolea."

Sasa tufike kwenye hiyo Jumanne.

Mwenyekiti wa kitongoji alimwomba Modest aangushe mkaratusi mmoja mkubwa ulioegemea njia ya kwenda kisimani. Upepo wa wiki ile ulikuwa umeupinda na kuvunja baadhi ya matawi. Modest alikwenda na mwenzake wa kazi, Emanuel Basili, mtu mzima mwenye familia yake, aliyefanya naye kazi miaka minne. Walifunga kamba. Waliwasogeza watu mbali. Modest alivaa helmeti yake yenye vifuniko vya masikio. Mfuko na simu vilikaa kwa Emanuel, mbali, kama kawaida.

Alikata mkato wa kwanza, ule wa upande ambao mti utaangukia. Halafu akazima ili akaze cheni.

Wakati huohuo Philomena alikuwa nyumbani. Alitaka kunoa cheni ya akiba. Akatafuta tupa kwenye kopo lake, hakuiona. Akachukua simu, akampigia mumewe.

Simu ililia mfukoni. Emanuel akaitazama, akaona jina. Kwa kuwa chenso ilikuwa imezimwa, akaona hakuna neno. Akatembea nayo hadi kwenye shina la mti, akampa Modest, akarudi kwenye kamba yake bila kuigusa. Modest akavua helmeti ili asikie.

"Baba Loveness, tupa umeiweka wapi?" Philomena aliuliza.

"Iko juu ya dirisha," alisema Modest. "Lile la chumba cha mbele."

"Haya."

Ni hivyo tu. Sekunde kumi na nne. Philomena alitueleza namba hiyo kwa sababu simu yake imeiandika, na yeye ameisoma mara nyingi.

Modest alikata simu, akainama kuokota helmeti. Juu kulikuwa na tawi lililovunjwa na upepo, limenasa kati ya matawi mengine. Hakuna aliyeligusa. Upepo ulivuma kidogo, likaachia. Emanuel alipiga ukelele, lakini tawi lilikuwa limeshafika. Modest alifariki palepale, chini ya mti ambao hakuwahi kuumaliza.

Tupa ilikuwa juu ya dirisha, kama alivyosema. Philomena aliichukua, akakaa barazani, akaanza kunoa. Alikuwa amemaliza meno ya upande mmoja alipoingia mama jirani, amejifunga khanga vibaya, hana pumzi. Akampa habari. Philomena akamtazama. Akageuza cheni, akaendelea na meno ya upande wa pili. Jirani alisimama pale, hajui afanye nini. Kila jino mara tatu. Alipomaliza lile la mwisho aliipaka cheni oili, akaiweka ndani ya kopo, akanawa mikono, akasema twende.

Baadaye watu walisema ni mshtuko. Yeye anasema hajui ni nini. Alijua kwamba cheni iliyonolewa upande mmoja haifai, basi akaimaliza.

Mazishi yalifanyika Alhamisi. Padre alisoma, kwaya iliimba, Loveness alilia hadi akaanguka, na Philomena alimshika mkono huku akihesabu mashada. Hakulia. Watu walimletea uji, akanywa. Walimwambia alale, akalala. Walimwambia amka, akaamka.

Vitu vya kazi vya Modest vililetwa nyumbani kwenye gunia, ikiwemo helmeti. Philomena aliigeuza mikononi. Haikuwa na ufa. Haikuwa hata na mkwaruzo. Hapo ndipo alipojua kwamba mumewe aliivua. Na Modest hakuwa mtu wa kuvua helmeti chini ya mti.

Alimtafuta Emanuel. Alimkuta nje, amekaa peke yake kwenye ukuta wa zizi. Emanuel alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Emanuel, kwa nini aliivua?"

Emanuel alitazama chini.

"Ulipiga simu, mama," alisema. "Mimi ndiye niliyempelekea."

Wakati huo, wasikilizaji, maneno yalikuwa yameshaenea. Kaka mkubwa wa Modest, Bonaventura, alikuwa ameambiwa kwamba Emanuel aliivuta kamba kabla ya kuambiwa, mti ukatikisika, tawi likaanguka. Hakuna aliyeona hivyo, lakini ilisemwa, na ikisemwa mara tatu inakuwa imeonekana. Watu waliacha kumsalimia Emanuel. Chakula kilipogawiwa hakuna aliyempelekea sahani. Na Emanuel hakujitetea. Kujitetea kungekuwa kumnyooshea kidole mjane.

Siku ya tatu baada ya mazishi ukoo ulikaa. Mambo ya shamba yaliongelewa, yakaisha. Kisha Bonaventura akasema kwamba Emanuel lazima aitwe, aseme mbele ya wote jinsi alivyomuua mdogo wake, na baada ya hapo suala liende polisi.

Philomena alikuwa amekaa na wanawake karibu na mlango. Alisimama. Kwao mwanamke hasimami hivyo kwenye kikao cha wanaume, lakini alisimama.

"Shemeji, kamba haikuvutwa," alisema. "Nilipiga simu. Nilimuuliza tupa iko wapi. Akavua helmeti anijibu. Ni simu yangu."

Akaipeleka simu kwa Bonaventura, akamwonesha. Jumanne, saa tano na dakika ishirini na mbili, sekunde kumi na nne. Bonaventura aliitazama, akampa mzee aliyekaa kando yake, naye akampa mwingine. Simu ilizunguka chumba kizima. Loveness alikuwa anamtazama mama yake, na Philomena anasema hayo ndiyo macho pekee aliyoyaogopa. Baadaye binti alikuja akakaa karibu naye, akaegemeza kichwa begani. Mpaka leo hawajaliongelea.

Bonaventura alitoka nje. Alikwenda mpaka zizini. Waliokuwa dirishani wanasema alimpa Emanuel mkono, akamwambia aingie ndani ale. Emanuel aliingia. Hakula.

Mkaratusi ulibaki umesimama, umekatwa nusu, umeielemea njia. Watu waliteremka kisimani kwa kuzungukia mbali. Mwenyekiti alimwomba Emanuel aumalize. Emanuel alisema hawezi kuigusa chenso. Wiki ya pili Philomena alimwita, akampa cheni ile aliyoinoa Jumanne, akamwambia waende wote.

Walikwenda asubuhi. Simu waliziacha nyumbani. Philomena aliwasimamisha watu mbali, mara mbili ya urefu wa mti, na aliyesogea alimrudisha. Kisha akasimama akatazama juu. Alitazama kila tawi. Emanuel alikuwa ameshavaa, ameshajaribu breki, anasubiri. Upepo ulikuwepo kidogo.

"Bado," Philomena alimwambia.

Wakasubiri. Watu wengine walichoka wakaondoka. Upepo ulipotulia kabisa, akamwambia sasa. Emanuel aliwasha. Mkato wake ulikuwa mnyoofu. Mti ulianguka pale ulipotakiwa kuanguka, vumbi likapanda, likashuka. Hakuna aliyepiga makofi.

Tulimuuliza Philomena alijisikiaje.

"Nilidhani nitalia pale," alisema. "Nilisubiri. Sikulia. Nilisikia njaa, nikarudi nyumbani nikapika."

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Modest Akonaay wa Endagikot. Aliyeishi kwa kanuni zake miaka yote, na aliyefariki kwa kuvua helmeti sekunde kumi na nne. Wewe mwenye chenso, ukishaizima bado uko chini ya mti. Mti haujazimwa. Ukitaka kupokea simu, ondoka kwanza, nenda mbali, ndipo uvue. Tazama juu kabla ya kila mkato. Na wewe uliye nyumbani, mwenzako akiwa msituni, swali lako liache lisubiri mpaka arudi. Tafakarini hayo leo, hasa mnaotoka kazini mkiwa wazima.

Tunatoa pole kwa binti yake, Loveness. Pole kwa kaka yake, Bonaventura, na ukoo wote wa Akonaay. Pole kwako, mama Philomena, ulie siku utakayolia, na usipolia ni sawa pia.

Na pole kwako, Emanuel Basili. Tumeuliza, tukaambiwa kwamba siku zote za msiba hakuna aliyekupa pole. Popote unapotusikiliza, pole sana.