Obedi Machibya na Mabenchi ya Kilabuni

Leo, Jumapili tarehe 30 Novemba 2025, Bwana Obedi Machibya anastaafu baada ya kuwa karani wa Usharika wa Igalanya kwa miaka thelathini na minane. Amewaona wachungaji saba wakija na kuondoka, ametangaza ndoa za watoto aliowaandika wakibatizwa, na amevaa koti moja la kahawia ambalo baraza la wazee liliwahi kulijadili kama ajenda.

Alianza kazi mwaka 1987, akija kwa baiskeli kutoka Kisesa. Hakuna barua iliyopotea mikononi mwake. Watoto wa kipaimara walimwogopa kuliko mchungaji, maana mchungaji aliweza kusamehe tarehe ya kuzaliwa ya uongo. Obedi hakuweza.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni ile ambayo kamati ya sherehe iliniomba niipitie harakaharaka. Sitaipitia harakaharaka.

Mwaka 2019 tuliadhimisha jubilei ya miaka hamsini. Kamati ya historia, chini ya Mzee Chenge, ikatoa kijitabu chenye jalada la kung'aa, kikidai kwamba usharika ulianza "chini ya mti mkubwa". Mti gani? Igalanya ni mawe matupu toka barabarani mpaka ziwani. Kamati ikaona pengo, ikanunua mche kwenye kitalu kimoja Nyegezi, ikaupanda mbele ya kanisa na kusimika kibao: Mti wa Waanzilishi. Waanzilishi wa 1969, mti wa 2019! Mbuzi wa jirani wakaumaliza kwa wiki mbili. Kibao bado kipo, kinalinda shimo.

Ukweli uko ukurasa wa kwanza wa kitabu cha ubatizo, kwa mwandiko wa Mwinjilisti Nathaniel. Watoto wanne, Juni 1969. Kwenye safu ya mahali ameandika: "Kilabuni kwa Paskazia." Paskazia alikuwa akiuza pombe ya mtama, na nyumba yake ndiyo pekee hapa Igalanya iliyokuwa na mabenchi. Jumapili asubuhi aliyafuta, akafagia, akawapisha Walutheri. Kanisa lilipojengwa, Walutheri wakayabeba mabenchi, kisha wakamtenga mwenyewe na meza ya Bwana kwa sababu anauza pombe. Walipokuwa hawana pa kukaa, pombe haikuwasumbua.

Bibi Paskazia sasa ana miaka themanini na sita. Agosti mwaka huu aliugua, akamtuma mjukuu wake, Queen, aje ofisini kuuliza: akifa, atazikwa na kanisa? Mzee Chenge alijibu kabla ya karani. "Huyo hayumo kwenye historia yetu." Binti alipotoka, akamgeukia Obedi: "Na wewe kinakili hicho kitabu upya. Safu ya mahali iruke. Imebaki miezi mitatu ustaafu, usijiharibie."

"Shikamoo, mzee," alisema Obedi, akafunga kabati na kutia ufunguo mfukoni mwa lile koti.

Wanakamati wa historia wana shahada ukutani, lakini hawakujua alichojua karani wa kidato cha nne. Bwana wetu alizaliwa zizini, na hakuna kamati iliyothubutu kuandika kwamba ilikuwa hoteli.

Jumapili mbili zilizopita, kwenye matangazo, baada ya ndoa na kabla ya zamu za usafi, Obedi aliusoma ukurasa ule wote, kwa sauti ileile anayosomea zamu za usafi. Bibi Paskazia, aliyeletwa na Queen, akasema kutoka nyuma:

"Na mabenchi yangu je, Obedi?"

"Yapo, Bibi. Yote kumi na mawili."

"Mnayafuta lakini?"

"Kila Jumamosi."

"Haya."

Mchungaji Dorcas hakungoja kikao. Akamuuliza Bibi palepale kama anataka kurudi kundini. "Sikuondoka," alijibu Bibi. Jumapili iliyopita alishiriki meza ya Bwana, na swali la nani atamzika likaisha.

Leo karani mpya, Hellen, anakabidhiwa kitabu kile kikiwa na safu zake zote. Asiyesadiki apitishe mkono chini ya benchi alilokalia, hasa nyinyi wazee wa mistari ya mbele. Mtagusa herufi P iliyochomwa kwa chuma cha moto. Obedi aliyakagua yote kwa magoti, moja baada ya jingine, na sijawahi kuona magoti yaliyopigwa kanisani humu kwa faida kubwa zaidi.

Asante, Obedi. Tunakuombea afya wewe na mkeo, Mama Dorotea, ng'ombe wenye maziwa huko Kisesa, na Jumapili nyingi za kukaa kama sisi wengine badala ya kusimama mbele ukitutangazia. Ukikaa, mwachie Bibi Paskazia nafasi pembeni yako. Benchi ni lake.