Majina Kwanza, Maji Baadaye: Kumuaga Ndugu Laurenti Kingu

Tarehe 30 Juni 1977, baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Ndugu Laurenti Kingu atakabidhi funguo za Landrova ya hospitali yetu. Katika muda wote huo amegonga mbuzi mmoja tu, na mpaka leo anadai mbuzi ndiye aliyekuwa na makosa.

Lakini jarida hili halingempa ukurasa kwa udereva peke yake. Mwaka 1969 watafiti kutoka Dar es Salaam walituletea dawa mpya ya saratani ya taya, ule uvimbe unaowapata watoto. Watoto kumi na mmoja walitibiwa hapa. Sharti la utafiti lilikuwa kila mtoto aonwe huko huko kwao kila mwaka, la sivyo isingejulikana kama dawa inaponya au inachelewesha tu. Petroli ya kuwafuata haikuwepo. Laurenti, ambaye hakimbii hata akinyeshewa, akashauri tufanye mbio za hisani. Bwana Manji mwenye duka la vipuri akaahidi galoni moja kwa kila maili ya njia.

Laurenti aliipima njia kwa mita ya gari, kutoka hospitali hadi Mwankoko na kurudi uwanja wa Mandewa, akapata maili kumi na tano. Hakututajia kwamba katikati ya kupima alichepuka kumwahisha wodini mama mwenye uchungu, kisha akarudi kuendelea alipoishia. Siku ya mbio wakimbiaji walifika Mandewa wageni wakiwa bado wanakunywa chai, na utepe haujafungwa. Njia ilikuwa maili kumi na moja. Bwana Manji alisema hakuna neno, atatoa galoni zote, ila Laurenti akagoma kupokea galoni ambazo hazijakimbiwa. Basi wakimbiaji wakageuzwa kwenda kumalizia maili nne. Muuguzi Theodora, aliyekuwa wa tatu, hakumsalimia kwa wiki mbili.

Tangu hapo mbio zimefanyika kila mwaka, na petroli yake imemfikisha Laurenti kila kaya yenye kadi yetu ya matibabu. Watoto watatu walifariki, na alishirikiana na wazazi wao kuwazika. Mwaka 1974 watu wakahamia vijiji vya ujamaa, na anwani kwenye kadi zikawa hazina kazi tena. Watoto watano wakatupotea. Watafiti waliandika kwamba ambaye hataonekana hadi mwisho wa 1976 atahesabiwa amefariki. Barua hiyo ilimkasirisha sana Laurenti, naye si mtu wa hasira.

Ndipo akaweka utaratibu wake. Kwenye kila kituo cha maji, yasomwe kwanza majina ya watoto, ya baba zao na ya vijiji walivyotoka, watu wote wasikie, ndipo wakimbiaji wapewe maji. Walimlalamikia kweli kweli. Mwaka wa kwanza walipatikana watatu.

Oktoba iliyopita, pale Mwankoko, alisoma jina la Felista wa Kinampanda. Mama aliyepangwa kugawa maji akatua ndoo, akauliza mwanawe amekosa nini hata anatafutwa. Kumbe walikuwa wamehamia kwa wajomba. Felista, darasa la nne, aliitwa kutoka nyuma ya nyumba alikokuwa anatwanga. Akamwamkia Laurenti shikamoo, na Laurenti akashindwa kuitikia kwa sababu alikuwa analia. Wakimbiaji walisimama pale na kiu yao, na safari hiyo hakuna aliyenung'unika.

Amebaki mtoto mmoja, Damiani. Watafiti wamekwisha kumweka miongoni mwa marehemu. Tulipomuuliza Laurenti anataka zawadi gani ya kuagwa, alisema redio anayo, ila jina hilo lisifutwe.

Ndugu Laurenti, tunakushukuru kwa kazi yako yote. Tunakuombea afya, raha ya nyumbani na mavuno mazuri ya alizeti. Oktoba tutakuwa tena njiani, na kabla mtu hajagusa kikombe tutasoma: Damiani, mtoto wa Melkizedeki, wa Kinampanda.

Kristina, Wodi ya Watoto