Sufuria ya Uulkan kwenye Moto wa Mashujaa

Wasikilizaji wapendwa wa bonde la At-Bashy, na ninyi mlioko malishoni na redio zenu za betri, sogeeni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Uulkan binti Kasymaly, mkamuaji wa maziwa wa kijiji cha Kyzyl-Jar. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka themanini na miwili. Ndiyo, Uulkan yule yule wa sufuria. Najua baadhi yenu mmeshaanza kutabasamu. Subirini kwanza.

Uulkan alizaliwa baba yake akiwa ameshapelekwa vitani, vile vya pili vya dunia. Hawakuonana hata siku moja. Kasymaly aliuawa Urusi, akazikwa na wenzake mamia katika kaburi moja, kwenye mji mdogo ambao hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuufikia. Uulkan alikua, akaolewa, akafiwa na mume, akamlea binti yake wa pekee, Gulsaira. Na kila Ijumaa aliweka mafuta motoni.

Hili hamhitaji kufundishwa. Marehemu hali chakula, anapata harufu. Mafuta yanachemka, maandazi yanatumbukizwa, harufu inapanda, dua inasomwa. Basi. Ila Uulkan alikuwa na wasiwasi wake, na jirani yake Sabira ameusikia miaka na miaka.

"Nilikuwa namwambia, Uulkan we, roho haiulizwi pasipoti mpakani," Sabira amenieleza. "Ananijibu, 'Wewe ongea tu. Mumeo amelala hapo kilimani, harufu inamfikia kabla hujanawa mikono. Baba yangu yuko kwa watu. Tangu afe ananusishwa kabichi ya Warusi.'"

Sasa, wasikilizaji wapendwa, Gulsaira alikuwa kiongozi wa watalii kule mji mkuu, Bishkek. Miaka kumi na miwili iliyopita alipata kundi lake la kwanza kubwa. Watu wa heshima zao, waliotaka kuzungushwa kwenye makumbusho ya vita na majengo ya kale ya Urusi, kisha wawe katika mji ule mdogo Siku ya Ushindi, sikukuu ya kumalizika kwa vita vile. Mji ule ule alikolala Kasymaly. Kiti kimoja cha basi kikabaki wazi, na Gulsaira akampa mama yake.

"Nilimpa kwa masharti," amesema Gulsaira. "Nikamwambia, mama, nakuomba, hawa ni wageni wangu, usinitie aibu. Akasema, 'Nitakaa kama mzigo, mwanangu. Mzigo una neno?'"

Mzigo ukawa na maneno. Kwenye kila sanamu waliposimama, Uulkan alikunja magoti, akasoma dua, akajipangusa uso kwa viganja. Akamsomea mfalme, akamsomea mtunga mashairi. Mbele ya jemadari wa shaba aliyepanda farasi wa shaba, alimtazama farasi kwa muda mrefu, akasema, "Jamani, mshusheni huyu mzee, mnyama amechoka." Wageni walicheka mpaka machozi. Gulsaira naye alicheka, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto.

Wakafika. Siku ya Ushindi, uwanja umejaa, bendi inapiga, vijana wa jeshi wamesimama wima pande zote za moto usiozimwa, mbele ya kaburi la mashujaa. Uulkan aliliona jina la baba yake kwenye ukuta wa majina. Akaligusa kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine. Gulsaira akaenda kuwaelezea wageni habari za vita. Alipogeuka, mama yake alikuwa amechuchumaa kando ya moto wa mashujaa. Amefungua kitambaa chenye unga uliokandwa. Sufuria ndogo ya chuma iko juu ya ndimi za moto, na ndani yake mafuta ya mkia wa kondoo yanaanza kuyeyuka.

Askari akapiga kelele, "Bibi! Ondoa hiyo sufuria!"

"Ngoja kidogo, mwanangu, mafuta hayajapata moto."

"Huu ni moto wa marehemu!"

"Ndiyo maana nimekuja nayo hapa," akasema Uulkan. "Miaka yote hii mmewawashia moto, na hamjawakaangia hata andazi moja."

Watu walitoa simu zao. Ile video wengi wenu mliiona, mkarushiana, mkacheka. Lakini kilichofuata hakimo kwenye video. Gulsaira ndiye aliyenihadithia, na ameniruhusu nikiseme.

Askari aliwageukia watu wa basi. Akauliza, "Huyu mama ni wa nani?"

Wageni wote walimtazama kiongozi wao. Naye akasema, "Simjui. Amejipachika tu kwenye basi letu."

Mama yake alikuwa karibu kabisa. Uulkan alisikia. Akainua macho, akamtazama binti yake, kisha akamwambia askari kwa upole, "Kweli, hanijui. Mwache msichana wa watu aendelee na wageni wake."

Mafuta yakamwagwa. Uulkan akapelekwa kituoni, akaachiwa jioni, akarudi kwenye basi na unga wake mbichi kwenye kitambaa. Akaketi, akamwambia binti yake, "Viatu vizuri namna hiyo usivivae kwenye kokoto, vitaharibika." Kuhusu lile jambo, hakusema neno tena hadi anaingia kaburini.

Hakusema, wasikilizaji wapendwa. Alitenda. Tangu siku hiyo, kila alipokwenda kwa Gulsaira mjini na wageni wakatokea, Uulkan alisimama mwenyewe na kusema, "Mimi ni mama wa maziwa, nimeleta maziwa." Halafu anaingia jikoni. Kwenye arusi ya mjukuu wake alikaa mwisho kabisa wa meza, na madereva.

Nikamuuliza Gulsaira, na wewe ulisema nini? Akasema, "Sikusema kitu. Mara ya kwanza niliona aibu kusema. Mara ya pili niliona aibu kwamba mara ya kwanza sikusema. Angekuwa ananikomoa, kaka, ningegombana naye, tukalia, yakaisha. Lakini hakuwa ananikomoa. Alikuwa ananisitiri."

Mwezi huu Uulkan aliugua, Gulsaira akamkimbiza hospitali. Muuguzi akamuuliza Gulsaira, "Wewe ni nani wake?" Mgonjwa, pumzi zikimwishia, akawahi kujibu, "Si ndugu. Ni mtu mwema tu, amenileta na gari lake." Gulsaira akafungua mdomo, na muuguzi alikuwa ameshakisukuma kitanda cha mgonjwa kupita mlango wa pili. Hakumwona tena akiwa hai.

Tunatoa pole kwa jirani Sabira, kwa wajukuu, na kwa Kyzyl-Jar yote. Siku ya arobaini mafuta yatachemka nyumbani kwa marehemu, na kila mtu anakaribishwa. Nanyi mlioicheka ile video, njooni pia, mle maandazi, mfikirie. Na leo jioni, ukipata wageni, na mzee wako amejikunyata pembeni na shati lake la zizini, mshike mkono umtambulishe kabla hajajitambulisha mwenyewe.

Gulsaira hakutaka nipige wimbo wala nisome sifa. Aliniomba jambo moja. "Sema hewani yule alikuwa nani kwangu," alisema. "Sema kwa sauti, kaka, maana siku ile palikuwa na watu wengi."

Basi nasema. Uulkan binti Kasymaly, aliyeweka sufuria kwenye moto wa mashujaa, alikuwa mama yake Gulsaira.