Vigingi Viwili vya Mwalimu Gitobu

Mwalimu Gitobu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha hesabu katika chuo chetu hapa Burat. Mimi Nakuam nimempikia chai miaka hiyo yote. Sikusoma. Hamdia wa ofisi ndiye anayeandika, na nimemkataza kurembesha.

Alikuja akiwa mwembamba. Bado ni mwembamba, na si kosa la jikoni.

Kazi yake ni hii. Una duara. Kila nukta unaihamisha ndani ya duara hilo hilo, taratibu, bila kuchana popote wala kupotosha pembe. Wasomi wanaita holomofiki. Yeye anatafuta nukta ambayo haikuhama. Wanafunzi walimwogopa. Mbuzi wa jirani hawakumwogopa. Wamekula mitihani yake mara mbili.

Miaka minne aliandika juu ya duara lenye nukta mbili zisizohama, na zingine zote zikihama. Karatasi hiyo ndiyo ingempa uprofesa. Siku moja kabla ya kuituma alikuja kunieleza mimi, maana wenzake walikuwa wameshamkimbia. Mbuzi wa kumpongeza alikuwa amechinjwa asubuhi, na mimi nilikuwa uani nawamba ngozi yake.

Nikamwambia, "Mwalimu, kigingi kimoja, ngozi inazunguka. Viwili, haiendi popote. Hiyo yako imesogea wapi?"

Chai ilimpoa mkononi. Alikaa na kalamu mpaka saa kumi jioni, akaona ni kweli: ndani ya duara, nukta mbili zikikaa, zote zimekaa. Miaka minne alikuwa akichunguza kitu ambacho hakijasogea.

Angeweza kunyamaza. Mimi singemsema, na wengine hawakuwa wameelewa. Kesho yake alisimama mbele ya walimu wote akasoma kosa lake mwenyewe, mstari kwa mstari. Uprofesa ukaenda kwa mtu mwingine. Mbuzi tulimla hata hivyo.

Alianza upya, na nukta moja. Karatasi ya pili ilichapishwa, na mwishoni amemshukuru Nakuam wa jikoni. Hamdia alinisomea. Nilimwambia arudie.

Sasa watoto wake wanataka ahamie kwao Meru. Aende, tena ale. Kikombe chake kimetundikwa kwenye msumari karibu na jiko, na atakayekigusa atanijua.

Asante kwa kazi, Mwalimu, na Mungu akutunze huko. Zunguka utakavyo. Kigingi kimoja unacho hapa.