Siku Tuliyosoma Sheria Mbili Wodini

Mwangaluka, ndugu zangu wa vyama vya akiba. Wazee wangu, shikamooni. Mwenyekiti ameniomba niseme yaliyotupata, nami nitayasema kama yalivyokuwa, ila majina ya watu nayaacha nyumbani kwao.

Wengi wenu hapa Urambo mnaijua kazi yetu. Ofisi iko Tabora mjini, tunamlipa mkulima wa tumbaku na mrina asali kwenye simu yake, asisafiri na fedha begani. Asubuhi moja, msimu wa masoko, wezi wa mtandaoni wakaingia kwenye mfumo wetu. Fundi wetu wa mifumo akawaona mapema, akazima kila kitu. Fedha za wakulima zilikuwa benki, kwenye akaunti ya peke yake, hazikuguswa. Lakini huduma ilisimama, na siku ya soko hakuna anayetaka hotuba ya usalama. Pale Usoke mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, sasa watoto nikawapikie maneno yako?"

Tukaambiwa na mamlaka mbili za serikali tusifungue mpaka tutimize masharti ya huduma za malipo, na yale ya usalama wa mtandao. Mwanasheria wetu akachukua ya kwanza, fundi akachukua ya pili, kila mtu na chumba chake. Kila mmoja akatunga utaratibu wake. Wafanyakazi wakawa wanafundishwa jambo lile lile kwa namna mbili, hawajui washike lipi. Miezi ikapita. Wateja wakahama, baadhi ya wenzetu wakaacha kazi. Mimi presha ikapanda, nikalazwa hospitali ya Kitete.

Sasa nisikilizeni hapa. Mwanasheria alikuja kuniona wodini. "Dada, samahani nakusumbua ukiwa kitandani. Wanataka tueleze nani ana ruhusa ya kuingia kwenye mfumo." Hajamaliza, fundi akaingia na mfuko wa machungwa, akanipa pole, kisha akasema, "Kuna jambo wananiuliza, dada. Nani tumempa funguo za mfumo?"

Nikawatazama wote wawili. "Hilo si swali moja?"

"Hapana, hili ni la malipo," akasema mwanasheria.

"Langu ni la mtandao," akasema fundi.

"Kaeni," nikawaambia. "Kila mmoja asome lake kwa sauti, polepole, tusikie."

Wakakaa, huyu upande huu wa kitanda, huyu upande ule. Nani aingie kwenye mfumo: wote wameuliza. Tukio likitokea mtoe taarifa: wote. Mitambo ikianguka mtaendeleaje kuhudumia watu: wote. Kampuni mnayoikodi iwatunzie mitambo, mmeikaguaje: wote. Muda wa kutoa taarifa ndio ulitofautiana. Fundi akasema, "Tushike ule mfupi, tuwapelekee wote." Mwanasheria akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu huduma isimame.

Si yote yaliyofanana, nisiwadanganye. Kutenga fedha za mteja lilikuwa la malipo. Kuajiri watu wajaribu kuuvunja mfumo wetu kabla ya wezi, hilo la mtandao. Hayo tukayaacha kila moja mahali pake. Yaliyobaki tukayafanya mara moja, kwa utaratibu mmoja, na ushahidi ule ule wa kuonyesha kotekote. Nesi akaja kututaka tupunguze sauti. Jioni ile niliomba uji, nikaumaliza.

Wakaguzi walikuja, wa huku na wa kule. Mwanasheria na fundi wakawajibu wakiwa wameketi pamoja. Mkaguzi mmoja akauliza, "Hili mmelifanya kwa ajili yetu, au kwa ajili ya wale wenzetu?"

"Kwa ajili ya mkulima," akajibu mwanasheria.

Tukaruhusiwa. Siku ya kufungua, simu zikaanza kulia sokoni, moja baada ya nyingine, wazee wakawa wanasomeana ujumbe wa malipo. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Nawashukuru wenzangu waliobaki, manesi walioniuguza, na ninyi mliotuamini tena. Najua vyama vyenu navyo vinataka kuanza malipo ya simu. Sheria zitawajia kwa milango tofauti. Ndugu zangu, nawaambia, msiwape watu wasioonana. Ofisi yetu iko wazi, njooni tuzisome pamoja. Mje na mwanasheria wenu na fundi wenu. Akija mmoja peke yake, nitamrudisha akamlete mwenzake.

Wabeja sana, asanteni.