Bibi Mashuka na Barua ya Daktari Wake wa Zamani

Shangazi yetu, ambaye hospitali nzima ilimwita Bibi Mashuka, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, mtoto wa tatu na msichana pekee kati ya watoto wanne wa fundi bomba na mkewe. Alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili, na mama yake alizoea kusema kuwa hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kumsumbua mtu.

Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia 1966 hadi 1972. Siku moja mwalimu alimtuma chaki, na aliporudi akakuta mlango wa darasa umefungwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Akasimama nje na chaki zake kifuani mpaka kipindi kikaisha, kwa kuwa aliona si vizuri kugonga mlango wenzake wakisoma. Mwalimu hakujua amcheke au amwonee huruma.

Tarehe 5 Februari 1979 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akakaa huko miaka thelathini na saba. Alitoa mashuka kwenye mashine, akayakausha, akayakunja. Wasiojua hudhani shuka ni jepesi. Mashuka mabichi ya wodi nzima ni mzigo wa kumvunja punda mgongo, naye alijikaza kisabuni, na sabuni kwa kweli hakuikosa. Kukunja kulitaka watu wawili, wakisogeleana na kuachana, na wenzake wanasema hapo ndipo alipopiga soga na kucheka.

Tarehe 18 Agosti 1984 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, bwana mwenye maneno mengi, aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili. Hawakujaaliwa watoto. Mumewe alifariki Novemba 2003, na tangu hapo nyumba ikanyamaza. Shuka la nyumbani alilikunja peke yake, ncha mbili akizibana kwa kidevu.

Mgongo ulianza kumsumbua mwaka 2009. Pingili mbili zilisagika, na mguu wa kushoto ukawa unakufa ganzi. Daktari wa mifupa alimtibu miaka sita, akastaafu 2015. Mwaka uliofuata shangazi alishindwa kabisa na kazi, akaomba mafao ya ulemavu. Ombi likakataliwa. Kila alipoulizwa kliniki, "Hujambo, mama?" alikuwa amejibu, "Sijambo, daktari, nashukuru," na kila mara failini ikaandikwa kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Iliandikwa hivyo mara kumi na tisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha kitu. Alikuwa na adabu tu.

"Mama, mimi nimekuona mara mbili," daktari mpya alimwambia, "na faili linasema uko sawa. Sasa niandike nini? Mtafute aliyekutibu."

Alipewa siku thelathini za kukata rufaa, na bila mafao hayo asingekuwa na chumba wala chakula. Tarehe 10 Januari 2017 alipanda basi kumfuata daktari wa zamani katika mji mwingine, saa nne njiani, amesimama kwa sababu kukaa kulimuuma zaidi. Hakumwambia yeyote kati yetu. Daktari mwenyewe, ambaye yuko nasi hapa, ndiye aliyetusimulia. Alimuuliza hali, naye akajibu hajambo.

"Miaka sita umenijibu hivyo hivyo," daktari akasema. "Leo nakuomba unikosee adabu. Asubuhi unaamkaje?"

Shangazi akasema, "Siamki, daktari. Najiviringisha mpaka niangukie magoti, halafu nashika kiti."

"Nani anakusaidia?"

"Kiti."

Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Sehemu yake inasema: "Nilimuuliza mgonjwa huyu hali, akanijibu kwa adabu, nami nikaiandika adabu yake kana kwamba ni afya yake. Nilimwona akishika ukuta kila alipotoka chumbani kwangu, na hilo sikuliandika. Kosa ni langu, asiadhibiwe yeye." Mafao yalikubaliwa tarehe 22 Machi 2017.

Shangazi alifariki kwa ugonjwa wa moyo asubuhi ya tarehe 9 Juni 2021, chumbani kwake, akiwa peke yake. Jirani yake, fundi viatu, aliingia baada ya kuona pazia halijafunguliwa hadi saa sita mchana. Nakala ya barua tuliikuta mkobani tukitafuta kitambulisho chake, tukamtafuta daktari aliyeiandika, na ndipo tulipojua habari za kile kiti. Nasi tulikuwa tukimpigia simu kila Jumapili. Tulimuuliza hali, akatujibu, tukaridhika, tukakata simu. Daktari alikiri kosa lake mgonjwa wake akiwa hai na akimsikia. Sisi ndugu tunalikiri la kwetu leo, mbele ya jeneza, na linatuuma.

Ameacha kaka mmoja, watoto saba wa kaka zake, jirani yake fundi viatu, na daktari aliyefika hapa asubuhi kabla yetu sote.

Mungu amlaze pema, na apumzike kwa amani shangazi yetu, aliyechoka miaka mingi bila kutuambia.